K ni Majivu

Kila mwaka, juma la pili au la tatu la masomo, mtoto mmoja huinua mkono. "Mwalimu, potasiamu inaanza na P. Mbona umeandika K?"

Huwa nafurahi. Swali hilo niliwahi kuliuliza nikiwa na miaka 14, nikajibiwa: kariri. Nikakariri. Jibu nililipata miaka tisa baadaye, mwaka wa pili wa chuo, na niliona aibu kidogo, maana nilikuwa nikilikanyaga kila asubuhi nikipita nyuma ya jiko.

Nilizaliwa Katumba, upande wa Mpanda, kwa wazazi waliokimbia Nyanza-Lac, Burundi, mwaka 1972. Tuliporudi mwaka 2009 nilikuta michikichi, ziwa, na shule inayofundisha kwa Kifaransa. Naitrojeni niliyotoka nayo Tanzania ikawa azoti. Somo lenyewe, ambalo kaka zangu Katumba waliliita kemia, hapa likawa shimi. Mtoto aliyebadilishiwa lugha ya darasani ni kama abiria aliyeshuka kituoni, mizigo yake ikaondoka na basi. Nilichokikuta vilevile ni zile herufi tu: N, H, O, Na, K. Zilikuwa zimevuka mpaka wa Mugina bila kukaguliwa na mtu.

K ni ya kalium, jina ambalo Wajerumani wanalitumia mpaka leo, na kalium imetokana na Kiarabu, al-qali: majivu ya mimea. Mwingereza Humphry Davy, aliyeitenga metali hiyo kwa umeme London mwaka 1807, aliipa jina kutokana na neno la kwao lenye maana ya majivu ya chungu. Kwa hiyo ukisema potasiamu umetaja majivu, na ukiandika K umetaja majivu tena. Alama Na, ya sodiamu, nayo ni ya natrium, na jina ndugu yake liko kwenye ramani ya Tanzania: Ziwa Natron, jirani na Magadi ya Kenya. ("Kali" yetu, ya pilipili na ya jua, haihusiani na al-qali hata kidogo. Lakini aliyewahi kuonja maji ya majivu atasita kuniamini.)

Bibi yangu hakujua habari za Davy. Alijua kwamba majivu ya mikungu mitupu ya michikichi na ya maganda ya ndizi, ukiyachuja kwa maji na kuyachemsha na mawese, yanatoa sabuni laini ya kuchotwa kwa kidole. Na kwamba kostiki ya dukani inatoa sabuni ngumu ya kukatwa vipande. K inatoa laini, Na inatoa ngumu. Nilipoliona hilo kwenye daftari la mwaka wa pili, niliinua kichwa nikatazama dirishani kwa muda, mpaka jirani yangu akanipiga kiwiko.

Chuo chenyewe kilikuwa Bujumbura. Jina lake silitaji kwa kuwa nataka kusema ukweli kuhusu maabara yake. Darasa letu la kemia lilikuwa na watu tisa. Bureti zilikuwa nne, na moja ilivuja kwenye kifungulio mpaka tukaipaka vazelini. Mizani ya umeme ilikuwa moja. Umeme ukikatika nayo inalala, ukirudi unaanza upya. Maji yaliyotoneshwa yalitoka kwenye chombo kilichochemka tangu asubuhi kikitoa vikombe vichache, na yakiisha, kipindi nacho kimeisha. Nina rafiki aliyesoma kemia hiyohiyo kwenye chuo kikubwa ughaibuni. Walikuwa zaidi ya mia moja kwa kipindi, na anasema katika mwaka mzima wa kwanza alichokiona zaidi ni mgongo wa mwenzake. Sisi tisa hatukuwa na mgongo wa kujificha nyuma yake. Kila mmoja aliishika bureti, akaharibu, akaambiwa arudie, na hadi tunamaliza mkono ulikuwa unajua mambo ambayo kichwa kilikuwa bado kinayatafuta.

Nieleze kidogo kazi ya bureti, kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ni mrija wa kioo wenye mistari, mililita 50, na kila mstari ni sehemu ya kumi ya mililita. Ndani umejaza kostiki ambayo nguvu yake unaijua. Chini yake kuna chupa yenye asidi ambayo nguvu yake huijui, na humo umetia matone mawili ya fenolfthaleini, dawa isiyo na rangi kwenye asidi. Chini ya chupa umetandika karatasi nyeupe. Mkono wa kushoto uko kwenye kifungulio, wa kulia unatikisa chupa. Mwanzo unaiachia kostiki itiririke. Rangi ya waridi inatokea pale kostiki inapoangukia, inazunguka mara moja, inapotea. Baada ya muda inaanza kuchelewa kupotea, na hapo ndipo kazi inapoanza. Unapunguza mpaka tone moja moja, kisha nusu tone: unaliacha lining'inie kwenye ncha, unaligusisha ukingoni mwa chupa, unalisukumia ndani kwa maji. Tone zima ni kama sehemu ya ishirini ya mililita. Unachokitafuta ni waridi hafifu linalodumu nusu dakika, hafifu kiasi cha kutojua kama ni rangi au ni macho yako. Ukiharakisha tone moja, chupa nzima inakuwa kama kanga mpya, na kazi ya saa nzima umeimwaga.

Profesa wetu alikuwa mzee mpole, isipokuwa mbele ya rangi hiyo ya kanga. "Umepita," alikuwa akisema. Hakusema umekosea. Umepita, kama mtu aliyepitilizwa kituo chake na sasa lazima arudi kwa miguu.

Swali lake lilikuwa moja tu: kiasi gani? Ukimwambia chuma kinashika kutu kwa sababu ya maji na hewa, angeuliza maji kiasi gani. Alipotufundisha kutu hakuanza na milinganyo, alianza na Liemba. Meli hiyo iliitwa Graf von Götzen wakati Wajerumani walipoizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Iliibuliwa mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Miaka minane majini," alisema mzee, "na kilichosimama kati ya chuma na ziwa ni mafuta tu. Sasa niambieni: mafuta yana nini ambacho maji hayana?" Kisha akatoka kwenda kunywa chai, akatuacha tisa tunatazamana.

Kwa watu wa pwani yetu, mafuta ni mawese. Ukitoka Rumonge kuja Nyanza-Lac, michikichi inakusindikiza, na harufu ya mawese yanayokamuliwa unaipata kabla hujaona moshi. Kwa hiyo nilipotakiwa kuchagua kazi ya mwaka wa mwisho, sikuwaza mara mbili. Nilibeba chupa tatu za mawese hadi Bujumbura: ya matunda yaliyochemshwa siku ileile ya kukatwa, ya matunda yaliyolazwa siku nne, na moja niliyonunua sokoni bila kuuliza maswali.

Tunda la chikichi likichubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta ya tunda lenyewe na kuachia asidi. Wengi hulaza matunda siku kadhaa ili yaachie mkungu kwa urahisi. Kazi ya mikono inapungua kweli, lakini asidi inaongezeka. Ukichemsha mapema, moto unakiua kimeng'enya na mafuta yanabaki matamu. Biashara ya mawese duniani huweka mpaka kwenye asilimia 5 ya asidi hiyo huru kwa mafuta ghafi yanayokwenda kuwa chakula. Kuipima ni kazi ya bureti ileile, ila mawese hayachanganyiki na maji, hivyo unahitaji alkoholi, na alkoholi ya chuo ilikuwa imekwisha. Mwenzetu mmoja akapendekeza kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Tulicheka wote, na profesa alicheka kuliko sisi. Kisha akafuta macho, akauliza: "Una uhakika na asilimia zake?"

Tulisubiri alkoholi wiki tatu. Mawese ya siku ileile yaligeuka waridi kwa matone machache. Yale ya matunda yaliyolazwa yalikunywa kostiki mpaka nikadhani nimesahau kutia fenolfthaleini. Ya sokoni yalikuwa katikati, jambo linaloeleza mengi kuhusu soko.

Katika chupa nilizobeba safari ile kulikuwa na ya nne, ya maji ya ziwa. Niliibeba bila sababu. Labda nilitaka tu ziwa liwe mezani kwangu. Jioni moja, bureti zikiwa zimeoshwa, nilimimina maji hayo kwenye bika na kudondosha fenolfthaleini iliyobaki kwenye kidondoshi. Maji yakaona haya. Waridi hafifu kabisa, lile la nusu dakika, ila hili halikuondoka. Nilimwita profesa. Aliinama, akanyanyua bika kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kazi yangu yoyote.

Ziwa Tanganyika lina alkali. Maji yake ya juu yana pH ya karibu 9, wakati maji ya mvua yapo chini ya 6. Sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka ndani yake inaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, na Kivu inazipata kutoka kwenye miamba na chemchemi za nchi ya volkano kule Virunga. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na oksijeni inaishia tabaka la juu tu, kama mita 100 hadi 200. Chini ya hapo hakuna samaki, kuna giza na gesi yenye harufu ya yai bovu. Nilikuwa nimeogelea humo tangu niliporudi, nimekula mukeke na ndagala wake, na sikuwahi kujua kwamba lina rangi inayongoja kuitwa.

Sabuni nayo ina historia yake. Mwaka 1811 Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliletewa sabuni laini aichunguze. Ilikuwa imetengenezwa kwa potasi na mafuta ya nguruwe (Waislamu wa Rumonge na Nyanza-Lac watanisamehe, historia haikutuuliza). Kabla yake ilidhaniwa kwamba sabuni ni mafuta na alkali yaliyoshikana tu. Yeye alionyesha kwamba alkali inayavunja mafuta, inazichukua asidi zake, na kuiacha gliserini pembeni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1823, na mwenyewe aliishi miaka 102. Asidi kuu ya mawese, karibu asilimia 44 yake, inaitwa asidi ya palmiti, yaani imepewa jina la mchikichi. Angalau mara hii mti wetu uko kwenye vitabu vya wote.

Shangazi yangu hupika sabuni nyuma ya nyumba, kwenye pipa lililokatwa nusu. Mawese anayachoma kwanza mpaka wekundu uondoke. Wekundu ule ni karotini, kama ya karoti, na moto ukipita nyuzi 200 inavunjika. Yakipoa anamimina kostiki iliyoyeyushwa tangu usiku, kisha anakoroga kwa mwiko mrefu, upande mmoja tu. Ukikoroga kinyume anakunyang'anya mwiko. Hilo la upande mmoja sikulikuta kwenye kitabu chochote, lakini mwiko ni wake.

Kipimo chake ni dumu moja la lita 20 kwa makopo matatu ya kostiki, kopo la maziwa ya unga, linasawazishwa kwa kijiti. Likizo ya mwisho niliazima mizani kwa muuza ndagala, nikapima makopo yale matatu: kilo 2 na gramu 400. Nikakaa chini na kalamu. Lita 20 za mawese ni kama kilo 18. Kilo moja ya mawese inahitaji kostiki gramu 141 ili igeuke yote. Mara 18, inakaribia kilo 2 na gramu 540. Shangazi alikuwa chini kwa sehemu moja ya ishirini hivi, na ndivyo vitabu vinavyoshauri: acha mafuta kidogo yasiyogeuka, ili sabuni isichune mikono.

Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayeambiwa jina lake.

"Umesoma miaka mitatu uje kuniambia kopo langu ni kopo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Haya. Basi niambie la mwisho wa mfuko."

Mfuko wa kostiki, ukishafunguliwa, humchukua miezi. Sabuni ya mwanzo wa mfuko hushika vizuri. Ya mwisho hubaki kama uji, na ikikauka inatoa jasho la mafuta. Yeye alilaumu mvua. Jirani yake alilaumu watu. Niliuliza mfuko unakaa wapi, akanionyesha: pembeni ya jiko, mdomo umekunjwa na kuwekewa jiwe. Punje za ndani zilikuwa zimeshikana mabonge, juu zimefanya ukoko mweupe.

Kostiki ina kiu. Inanyonya unyevu wa hewa mpaka inalowa, na inanyonya kaboni dioksaidi, hewa ileile tunayoitoa puani. Siku baada ya siku inageuka magadi, na magadi hayayavunji mafuta kama kostiki. Kopo ni lilelile, kilichomo kimebadilika. Nilichota kidogo kwenye chupa yenye kifuniko, nikakipeleka chuoni, nikakipima kwa asidi kando ya kostiki mpya. Matone yaliyohitajika yalikuwa machache mno. Nilimpigia simu jioni ileile. Sikumpa milinganyo. Nilimwambia anunue dumu la mdomo mpana lenye kifuniko cha kubana, na siku anayofungua mfuko amimine yote humo asiache hata punje.

"Kwa hiyo mvua ilikuwamo," alisema.

Nililazimika kukubali kwamba mvua ilikuwamo.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Mengi ya mikono ya Shangazi hayakuningoja mimi. Alikuwa ananiambia kwamba mawese yaliyochacha yanashika upesi na hayafai kuachiwa mwiko, kabla sijajua kwamba asidi iliyokwisha kuachiwa huru inaikamata kostiki papo hapo bila kungoja mafuta yavunjike. Nilichokuja nacho mimi ni kipande kidogo kilichokuwa kikikosekana, kile cha kiasi gani, nacho kiliokoa sabuni ya miezi miwili kwa mwaka. Wanaotaka kemia ya kuruka angani wanaweza kucheka. Mimi niliona kijana aliyetumia siku nzima kutafuta nusu tone ndiye anayeweza kuona tofauti ndani ya kopo ambalo kila mtu anaona halijabadilika.

Kuna jambo jingine, ambalo nimelipima mara nyingi na sijaweza kulirekebisha. Wanaofua ziwani wanajua kwamba povu la kwanza hufa. Unasugua, linatokea, linageuka utando mzito wa kijivu unaoshika kwenye nguo, na inabidi upake sabuni tena. Maji ya mvua hayafanyi hivyo. Ziwa Tanganyika lina magnesi nyingi kuliko kalsiamu, na zote mbili huikamata sabuni na kuigeuza utando usioyeyuka. Sehemu kubwa ya magnesi hiyo imetoka nchi ya volkano, ikapita Kivu, ikashuka na Ruzizi, ikaja kula sabuni ya mama wa Nyanza-Lac aliyeinama juu ya jiwe lake. Ninachoweza kumshauri ni mabati na tangi la mvua. Wenye mabati ya kukinga walishajua.

Siku hizi nafundisha. Shule yetu haina maabara, ina meza moja na kabati lenye kufuli, na fenolfthaleini kwangu ni habari ya zamani. Lakini kila aliyewahi kumwagiwa mchuzi wenye manjano kwenye kanzu nyeupe, akakimbilia sabuni, ameona doa likigeuka jekundu mbele ya macho yake na akadhani nguo imeharibika kabisa. Doa halijafanya kosa. Manjano ni njano kwenye asidi na nyekundu ya hudhurungi kwenye alkali. Tunaikoroga kwenye maji, tunachovya vipande vya karatasi ya daftari, tunavianika dirishani. Kisha tunapima: ndimu, chai, maji ya sabuni, mate ya atakayejitolea.

Na yule anayeuliza kwa nini K, simjibu. Namtuma jikoni akaombe majivu. Anayachuja kwa kitambaa mbele ya wenzake, maji yanatoka ya rangi ya chai nyepesi, anachovya karatasi yake ya njano, nayo inageuka nyekundu mkononi mwake.

Manjano tunanunua sokoni, na kijiko kimoja kinatosha darasa la watoto 60. Majivu mpishi wa shule anatupa bure.